Chupa ya gesi Goma: kabla ya kuuliza bei, uliza itajazwa wapi

Hapa Goma neno "makala" lina moshi, maana kwetu ndiyo makaa. Ukimwambia mama wa Majengo kwamba umekesha ukiandika makala, atakuuliza gunia umelipata kwa ngapi. Basi niseme mapema: haya ni makala ya kusomwa, na yamewalenga watu wanaotaka kupunguza yale ya kuchoma.

Watu hao wanaongezeka. Kila njia ya Masisi au ya Rutshuru inapofungwa kwa sababu ya vita, bei ya gunia inaruka, na kila inaporuka utaona watu wakitoka upande wa Petite Barrière, mpakani na Rwanda, na chupa ya gesi, mmoja kaipakata kwenye pikipiki, mwingine kaifunga kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao, kama mzigo wa viazi. Wiki chache baadaye baadhi yao huwa wanazunguka mjini na chupa hiyohiyo ikiwa tupu, wakitafuta wa kuijaza.

Jirani yangu wa Himbi ni mmoja wao. Alinunua chupa yake kwa mtu aliyekuwa anahama mji, pamoja na resho ya mafiga mawili, kwa bei ya kutupa. Chupa ilikuwa nzuri, rangi bado inang'aa. Alipika wiki sita bila kushika kipande cha makala. Ilipoisha, akaipeleka kwa muuzaji wa kwanza, akaambiwa: "Mama, hii vanne haiko ya huku." Wa pili akamwambia vilevile. Wa tatu akasema anaweza kumjazia "na akili", nyuma ya duka, kwa kipande cha mpira na chupa kubwa iliyosimamishwa kichwa chini. Jioni akapita kwangu kuuliza kama akubali.

Nilimwambia hapana. Sababu zake ni ndefu, na ndizo nitakazozieleza hapa.

Tuanze na majina, maana kila duka lina lake. Chupa, au bombone, ni chombo cha chuma. Vanne ni mdomo wake, ule unaofungua na kufunga, na ndipo gesi inapotokea na inapoingilia. Detanderi ni kile kichwa kinachokaa juu ya vanne kupunguza nguvu ya gesi kabla haijaenda jikoni. Tiyo ni mpira unaotoka kwenye detanderi hadi kwenye resho. Resho ni jiko lenyewe, unalijua.

Ndani ya chupa kuna gesi mbili za ukoo mmoja, propani na butani, mara nyingi zikiwa zimechanganywa. Ukizibana kidogo tu zinageuka kuwa maji. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo watu hawalifahamu: chupa ya gesi haikujazwa hewa kama tairi, ina maji yanayosubiri kuwa hewa. Fikiria balo la mitumba. Likiwa limefungwa nyaya linabebwa na kijana mmoja. Ukikata nyaya, nguo zinajaa chumba. Lita moja ya gesi iliyo maji, ikifunguliwa, inakuwa lita 250 hivi za gesi ya kuwaka. Ndiyo maana chupa ndogo inapika siku nyingi, na ndiyo maana uvujaji mdogo si mdogo.

Je, nguvu iliyomo ni ya kutisha? Tairi la taksi lina bar 2 na kidogo. Katika hali ya hewa yetu ya digrii 20 hivi, butani peke yake inasukuma kwa bar 1 tu, propani peke yake kwa bar 7 hivi, na mchanganyiko unakaa katikati. Chupa zenyewe kwa kawaida hujaribiwa kiwandani kwa bar 30. Kwa hiyo chuma kizuri, kilichojazwa kwa kipimo, hakina sababu ya kupasuka kikiwa kimetulia jikoni. Shida huanzia penginepo.

Detanderi inachukua nguvu hiyo na kuishusha hadi kama sehemu 3 za mia za bar moja. Umeshawahi kusimama Petite Barrière asubuhi? Umati unasukumana kwa nguvu zake zote, lakini kwenye kijilango anapita mtu mmoja, kisha mwingine. Resho la nyumbani limetengenezwa kwa ajili ya wale wanaopita mmojammoja. Kuna detanderi nyingine za nguvu kubwa, za majiko ya mikahawa na ya kuchomea. Ukifunga moja ya hizo kwenye resho la nyumbani kwa sababu "moto unakuwa mzuri zaidi", umeuondoa mlango wa mpakani na kuuachia umati.

Gesi ya ziwa ni nyingine

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu kuna swali ninaloulizwa karibu kila wiki: kwa nini tununue gesi ng'ambo wakati tumekaa juu ya ziwa lililojaa gesi?

Ni kweli Ziwa Kivu limeshika gesi nyingi sana chini ya maji yake: metani kama kilomita 60 za ujazo, na hewa ya ukaa kama 300. Upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, mtambo wa KivuWatt unavuta metani hiyo na kuzalisha umeme wa megawati 26 hivi. Na Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilipotangaza zabuni ya vitalu 27 vya mafuta, iliweka pamoja navyo vitalu 3 vya gesi ya ziwa letu. Kuanzia hapo watu wengi mjini waliamini kwamba chupa za gesi ya Kivu ziko njiani.

Lakini metani ina tabia tofauti na propani na butani. Ibane utakavyo katika joto la kawaida, haigeuki kuwa maji. Lazima kwanza uipoze hadi chini ya digrii 82 chini ya sifuri ndipo ikubali kubanwa, na kama hutaki kuibana kabisa, uipoze hadi digrii 162 chini ya sifuri. Balo halifungiki. Kuitia kwenye chupa ya jikoni kungetaka chuma kinene kama kile cha oksijeni ya hospitali, chenye bar 200 na zaidi, na bado ndani kungekuwa na gesi kidogo ukilinganisha na uzito wa chuma. Gesi ya ziwa inafaa zaidi kufika jikoni kwako kama umeme. Chupa tunayoizungumzia hapa inatoka mbali, imepitia bandari za Bahari ya Hindi na kupanda kwa lori hadi kwetu. Umbali huo ndio unaofanya swali la "itajazwa wapi" liwe zito kuliko swali la bei.

Vide ya Primus na bidoni ya maji

Duniani kuna mifumo miwili mikubwa ya kuuza gesi ya chupa, na mkanganyiko mwingi wa Goma unatokana na kuichanganya.

Wa kwanza ni wa kubadilisha. Huu kila Mkongomani anaujua, ila anaujua kwa bia. Unapeleka vide, yaani chupa tupu, unapewa iliyojaa. Chupa uliyoiacha si ile utakayopewa, na kusema kweli hakuna iliyo yako; ulicholipa mara ya kwanza ni kama dhamana. Uzuri wake ni kwamba kutu, vanne iliyolegea na tarehe ya ukaguzi ni mzigo wa kampuni. Ubaya wake ni ule wa vide: huwezi kurudisha chupa ya Fanta ukapewa Primus. Kampuni A haipokei chupa ya kampuni B, na wakala aliye karibu nawe akifunga duka, chuma ulichonacho kimekuwa pambo.

Wa pili ni wa kujazisha. Hapa chupa ni bidoni yako. Unaipeleka, inajazwa, unarudi nayo ileile. Hufungwi na rangi ya kampuni moja, mradi kituo cha kujazia kina kichwa kinachoingia kwenye vanne yako. Lakini sasa kutu ni yako, vanne ni yako, na tarehe ya ukaguzi hakuna atakayekukumbusha.

Goma inatumia yote mawili kwa mpigo, na hapo ndipo mtego ulipo. Chupa zinazoingia mjini zimetoka Rwanda, Uganda, Tanzania na kwingineko, kila moja na mdomo wake. Kuna vanne za kubonyeza detanderi hadi ilie "tak", nazo zina vipimo tofauti: milimita 20, 22, 27. Kuna za kufunga kwa uzi, na nyingi kati ya hizo uzi wake unakaza ukizungusha kushoto, jambo ambalo limewafanya vijana wengi wenye misuli kuharibu vanne nzuri.

Muuzaji atakwambia: "Haina shida, tutatafuta detanderi yake." Na ataipata kweli, Birere haikosi kitu. Lakini sikiliza vizuri hapa, maana ndicho kiini cha yote: mdomo wa chupa una kazi mbili. Detanderi inatatua kazi moja tu, ya gesi kutoka. Kazi ya gesi kuingia inategemea kichwa kilicho kwenye kituo cha kujazia, na hicho wewe hukinunui sokoni. Jirani yangu alikuwa na detanderi inayokaa sawasawa. Alipika wiki sita. Ndiyo maana hakushtuka mapema.

Tusidhani ni umaskini wetu tu. Ulaya kuna watu wanaosafiri na nyumba juu ya magurudumu, gari lenye kitanda, jiko na friji ndani, na friji na jiko hilo hutumia gesi ya chupa. Wakivuka mpaka wanakutana na yaleyale: chupa ya kampuni ya Uingereza haibadilishwi Ufaransa, ya Ufaransa haibadilishwi Hispania. Kwa hiyo wengi wameacha mfumo wa vide, wakanunua chupa yao wenyewe, inayofungwa moja kwa moja kwenye gari na kujazwa kwenye pampu zinazouzia gesi ya magari. Chupa hiyo ni ghali mara kadhaa kuliko ya kawaida kwa sababu ndani yake kuna boya kama lile la tangi la choo: maji ya gesi yakifika asilimia 80, boya linafunga mlango lenyewe. Na hata hivyo msafiri analazimika kubeba mfuko wa viunganishi, kwa kuwa midomo ya pampu Ulaya ni ya aina nne. Mtu ana barabara ya lami kutoka Lisbon hadi Warsaw na bado swali lake la kwanza ni letu: hii, bataijaza wapi?

Nalitaja hili kwa sababu chupa za namna hiyo huweza kufika hata huku, zikiuzwa na wageni wanaomaliza mkataba. Ni nzuri, nyepesi, zinavutia macho. Lakini zimeumbwa kwa ajili ya pampu ya gesi ya magari, na hapa kwetu magari yanakunywa esansi na mazutu. Waachie wenyewe.

Kwa mtu wa Goma, ushauri wangu ni huu: kama unaanza, chagua mfumo wa kubadilisha, na chagua kampuni kwa kuhesabu mawakala wake upande huu wa mpaka. Usihesabu wale wa Gisenyi. Chupa inayojazwa ng'ambo tu inaonekana rahisi hadi siku mpaka unapofungwa, na tulishaona Machi 2020, wakati wa korona, kwamba mpaka unaweza kufungwa kesho bila kukuuliza sufuria yako iko wapi. Kabla hujatoa pesa, ingia kwa wakala, mwonyeshe chupa au picha yake, muulize kama anaipokea ikiwa tupu. Si "gesi ipo?" bali "vide hii mnaipokea?" Maswali hayo mawili yana majibu tofauti.

Kwa nini chupa haijazwi hadi juu

Turudi nyuma ya duka, kwenye mpira na chupa iliyogeuzwa kichwa chini.

Hakuna mama anayejaza sufuria ya maharagwe hadi ukingoni, kwa sababu anajua yatafura. Gesi iliyo maji inafura kuliko maji ya kawaida: kila joto likiongezeka digrii 10, inapanuka kwa asilimia 2 hadi 3. Kwa hiyo wajazaji wote duniani wanaacha nafasi, kama sehemu moja ya tano ya chupa. Chupa ya kilo 6 kwa ndani ina nafasi ya lita 14 na kidogo. Chukua asilimia 80 ya hizo, na uzito wa gesi yake ni kilo 6 hivi. Namba iliyoandikwa kwenye chupa imetokana na hesabu hiyo. Ile nafasi iliyobaki haikuachwa ili wakuibie.

Sasa chupa ikijazwa hadi juu kabisa, kisha ikaachwa juani au karibu na mbabula, lile jiko la makala, maji yanafura na hayana pa kwenda. Hapo shinikizo halipandi polepole tena, linaruka. Chupa nyingi zina kijitundu cha usalama kinachofunguka likizidi, lakini kikifunguka kinamwaga gesi jikoni kwako, pengine hatua tatu kutoka kwenye moto.

Anayejaza kwa mpira hana boya la kumzuia, na mara nyingi hana mzani. Anasikiliza mlio, anatingisha, anasema imetosha. Kila anapochomoa mpira, kiasi fulani kinamwagika na kusambaa chini. Na hakuna aliyekagua kutu ya kitako wala vanne. Labda chupa itatoka na gesi pungufu, umeibiwa. Labda itatoka na gesi iliyozidi, na hiyo zawadi ni mbaya kuliko wizi.

Dawa ya yote mawili ni mzani. Kwenye kola ya chupa, au kwenye mabega yake, kumechongwa uzito wa chuma kitupu, mara nyingi karibu na neno "tare" au herufi T. Tuseme ni kilo 13.2. Chupa ni ya kilo 12. Ikijaa lazima isome 25.2. Ikisoma 23, dai kilo zako. Ikisoma 27, usiipeleke nyumbani. Muuzaji asiye na mzani, au anayeukasirikia mzani wako, amekwisha kujieleza.

Mazuku ya jikoni

Sisi watu wa Goma tuna neno ambalo wanasayansi wa volkeno duniani kote wamelichukua jinsi lilivyo: mazuku. Ile hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kutulia mashimoni, upande wa Mugunga na Bulengo na kando ya ziwa, isiyoonekana, inayoua mbuzi asubuhi na wakati mwingine mtoto aliyemfuata mbuzi. Kila mzazi hapa anajua kanuni yake: inakaa chini.

Propani ina uzito uleule wa hewa ya mazuku, karibu mara moja na nusu ya hewa ya kawaida. Butani ni nzito zaidi, mara mbili. Kwa hiyo gesi inayovuja jikoni haipandi darini kama moshi. Inatiririka sakafuni kama maji, inapita chini ya mlango, inatafuta shimo. Ikifika sehemu 2 katika 100 za hewa ya mahali, cheche moja inatosha.

Ukilielewa hili, mengine yote unaweza kuyatunga mwenyewe. Dirisha la juu halisaidii sana. Mlango na tundu la chini ya ukuta ndivyo vinavyosaidia. Nyumba zetu za mbao zina nyufa, na kwa mara ya kwanza nyufa hizo ni neema; jiko la kuogopa ni lile la nyumba ya matofali, lenye vigae na mlango unaofungika barabara. Chupa haikai karibu na mdomo wa siterne ya maji, wala kwenye shimo kati ya mawe ya lava, wala chini ya ngazi. Ukisikia harufu ya kitu kilichooza, ujue ni tahadhari iliyotiwa makusudi, kwa kuwa gesi yenyewe haina harufu. Funga vanne, fungua milango, usiguse swichi ya taa wala kuwasha wala kuzima, toa watoto. Kutafuta panapovuja ni kazi ya povu la sabuni: paka kwenye vanne, detanderi na tiyo, panapotoa mapovu ndipo. Anayetafuta kwa kiberiti atapapata mara moja tu.

Hofu ya gesi mjini hapa haikutoka hewani, naielewa. Januari 2002, siku chache baada ya lava ya Nyiragongo kuingia mjini, kituo cha esansi kililipuka katikati ya lava bado moto na kuua watu wengi waliokuwa wakichota mafuta. Mji wenye kumbukumbu hiyo haubembelezwi kwa maneno matamu. Lakini tuiweke hofu mahali pake. Mbabula iliyoingizwa chumbani usiku wa mvua, ili watoto wasisikie baridi, inatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu wala onyo la aina yoyote. Watu wanalala, hawaamki. Ukiulizwa ni chombo gani jikoni kinastahili kuogopwa zaidi, kile chenye harufu ya kukuamsha kina nafuu.

Yanayosemwa vibarazani

"Sindano inaonyesha imejaa." Kuna detanderi zenye saa ya kupimia shinikizo, na watu wanaisoma kama saa ya mafuta ya gari. Haifanyi kazi hiyo. Maadamu ndani kuna maji ya gesi, hata kikombe kimoja, shinikizo linabaki karibu vilevile. Linabadilika na joto la siku, si na kiasi kilichobaki. Sindano itakaa palepale wiki nne kisha ianguke siku ya mwisho, tena wageni wakiwa sebuleni. Ukitaka kujua kilichobaki, pima uzito. Au mwaga maji ya moto kidogo ubavuni mwa chupa, subiri, pitisha mkono kutoka juu kushuka: panapogeuka baridi ghafla ndipo maji ya gesi yanapoanzia.

"Ukiilaza unapata ya mwisho." Ukiilaza, unapeleka maji ya gesi kwenye detanderi badala ya gesi, na yale maji yakitoka yanakuwa mara 250 kwenye resho. Moto unaruka hadi darini. Chupa husimama wima jikoni, na kwenye pikipiki vilevile. Mwambie motari aishike wima hata akinuna.

"Imeweka barafu, wametia maji." Hapana. Gesi inapogeuka kutoka maji kuwa hewa inachukua joto la chupa, kama vile unavyosikia baridi ukitoka ziwani ukiwa umelowa. Chupa ndogo ikibebeshwa jiko kubwa la mkahawa inapoa haraka, inatoa jasho, hata barafu, na moto unapungua. Si wizi, ni chupa ndogo kwa kazi kubwa.

Na maharagwe je?

Swali la mwisho la jirani yangu lilikuwa la pesa, na ni la haki. Kilo moja ya gesi ina joto kama mara moja na nusu ya kilo ya makala makavu. Tofauti kubwa haiko hapo, iko kwenye chombo: mbabula ya kawaida inapeleka kwenye sufuria kama sehemu moja ya tano ya joto lake, iliyobaki inapasha moto ukuta na miguu yako. Resho la gesi linapeleka zaidi ya nusu. Ukizidisha, kilo 1 ya gesi inafanya kazi ya kama kilo 4 za makala. Chupa ya kilo 12 basi ni kama kilo 48 za makala. Chukua bei ya leo ya kujaza, chukua bei ya leo ya gunia, pima gunia kwa mzani na si kwa macho, kisha linganisha. Jibu la Machi huenda lisiwe jibu la Septemba.

Maharagwe ndiyo yanayoharibu hesabu. Goma iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na kwa mwinuko huo maji yanachemka yakiwa digrii 95 tu badala ya 100. Ndiyo maana maharagwe ya hapa yanachelewa hata ukiongeza moto. Kuongeza moto kunaongeza mvuke, si joto la maji. Yaloweke usiku kucha, punguza moto yakishachemka, funika. Sufuria ya presha inarudisha zile digrii zilizopotea na zaidi. Asiyekuwa nayo anaweza kuacha mbabula kwa ajili ya maharagwe na gesi kwa ajili ya chai, samaki wa sambaza na mboga za lenga-lenga. Nyumba nyingi zinafanya hivyo na sioni aibu yake.

Jirani yangu hakurudi kwa yule wa mpira. Mumewe akapata wazo lingine: ampelekee fundi wa kuchomelea, aikate katikati, apate mbabula mbili nzuri za chuma kinene. Nilikwenda mwenyewe kuzuia, nikiwa bado na kandambili. Chupa tuliyoiita tupu haijawahi kuwa tupu; imebaki na gesi isiyo na nguvu ya kutoka lakini yenye nguvu ya kulipuka mara tu moto wa fundi unapotoboa chuma. Sasa imesimama kwenye veranda, wima, vanne imefungwa, ikimsubiri shemeji yake anayekwenda Kampala mwisho wa mwezi. Juzi wamempigia picha kola ya chupa na kumtumia, atangulie kuuliza huko kama wanaipokea.